Niangalizie

Magharibi ile Jicho hakuwa na safari ya maana. Alitoka kumnunulia mwanawe dawa ya kikohozi, kisha aende zake kazini, basi. Duka la dawa lilikuwa limefurika, foleni imefika mlangoni, kila mtu na kikohozi chake. Mbele yake alisimama bibi mmoja mdogo wa umbo, kajitanda nguo nyeusi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa na harufu… kama ya nguo mbichi iliyosahauliwa sandukuni.

"Mwanangu," akasema yule bibi bila kugeuka. "Niangalizie."

"Nikuangalizie nini, bibi? Mzigo?"

"Wewe niangalizie tu. Narudi sasa hivi."

Nani kati yetu hajaambiwa neno hilo? Kituoni unaambiwa, sokoni unaambiwa. Mtu anataka kuchungulia nje kidogo, nawe unamjibu huku mawazo yako yako kwingine kabisa. Jicho akajibu kama ambavyo mimi na wewe tungejibu.

"Nenda tu, bibi. Nakuangalizia."

Bibi akatoka. Foleni ikasogea, Jicho akamshikia nafasi mpaka watu wakaanza kumnung'unikia. Alipoinama kuona ameachiwa kikapu au furushi, hakuona kitu. Sakafu tupu.

Harufu tu ndiyo ilibaki.

Sasa huyu Jicho kazi yake ilikuwa kukamata wezi wa karata. Siku hizi watu wanacheza poka kwenye simu, mmoja huku, mwingine ng'ambo, hata sura hawajuani. Kila mchezaji anapewa karata mbili za kufunika, zake peke yake. Nyingine zinafunuliwa katikati, wote wazione. Ujanja wote uko kwenye zile mbili. Ukizijua za mwenzako, umemmaliza. Na mtu ukimwacha peke yake na simu yake, shetani hachelewi kubisha. Wapo marafiki wanaokaa meza moja wakijifanya hawajuani, kumbe wananong'onezana karata kwa simu ya pili. Wapo wanaoweka mashine icheze badala yao.

Jicho aliwanasa wote. Alikaa mbele ya kompyuta, karata zote za meza zimefunuliwa mbele yake, anatazama nani anasita na nani hasiti. "Binadamu husita," alizoea kusema. "Asiyesita, mfungie." Ndiyo maana wakamwita Jicho, na jina la nyumbani likapotea.

Haukupita muda tangu siku ile ya duka la dawa, malalamiko yakaanza. Kuna mchezaji mpya, watu wakaandika, anaziona karata zetu. Alijiita Narudi. Jicho hakulitilia maanani jina. Watu hujiita mambo; meza hiyohiyo alikuwepo Mume wa Watu, na mwingine Simba Asiye na Meno.

Akamtazama huyo Narudi siku nzima. Ana karata nzuri kabisa, anazitupa, kumbe jirani yake ana nzuri zaidi. Ana takataka mkononi, anakaza shingo, kumbe na wenzake nao wana takataka. Rafiki mezani hana. Wala yeye si mashine, maana anasita. Anasita vizuri tu, kama mtu mzima anayetafuta miwani.

Sasa anaonaje?

Karata za kufunika za meza ile ziliweza kuonwa na mtu mmoja tu. Jicho.

"Dada," akasema Mnene, mfanyakazi wa kiti cha pili, aliyeitwa Mnene kwa sababu alikuwa mwembamba kama njiti ya kiberiti. "Kama ni wewe unayempa karata huyo bwana, na mie nikumbuke. Hata soksi sina."

"Nitakununulia na miguu ya kuzivalia."

Wakacheka. Msimamizi wao hakucheka. Alikuja akainama sikioni kwa Jicho.

"Mama, zamu yako ya leo ikiisha, nataka mwizi. Ukimkosa, nitajua ni wewe. Na sitaishia kukufukuza. Jina lako nitalipeleka kila ofisi inayofanya kazi hii."

Mwanamke peke yake, mtoto wa kulea, ujuzi wenyewe ni huo mmoja. Anayekamata wezi akiitwa mwizi, nani atampa hata ufagio?

Akasogeza kiti. Akakodoa macho.

Jua likazama nje ya dirisha. Na hapo… harufu. Nguo mbichi. Sanduku. Akageuka nyuma, hakuna mtu.

Macho yalimuuma kwa kukodoa. Akayafumba, akayasugua kwa vidole, akayafumbua. Narudi alikuwa bado hajacheza. Zamu ni yake, kengele ya kuhimiza inalia, ti… ti… ti… amekaa tu. Mara Jicho alipotupia macho karata, Narudi akacheza.



Akatazama ukutani. Narudi akangoja. Akatazama karata. Narudi akacheza.

Akatazama ukutani tena.

Ti… ti… ti…

Akangoja.

"Mnene," akanong'ona. "Nafumba macho. Wewe nisomee kinachotokea pale."

"Unaumwa?"

"Nisomee tu, mdogo wangu."

Akafumba. Akakaza kope mpaka zikamtetemeka. Kengele ikalia mpaka ikakata. Narudi kapitwa na zamu. Karata nyingine zikagawiwa, kapitwa tena. Kisha ikasikika mlio wa ujumbe, pale chini wachezaji wanapoandikiana.

"Dada," akasema Mnene. "Huyu mtu wako ameandika."

"Nini?"

"Neno moja. 'Fumbua.'"

Jicho hakufumbua.

Mlio mwingine.

"'Mwanangu, fumbua.'" Mnene akainamia kioo cha kompyuta. "Dada, anamwambia nani?"

Hapo ndipo foleni ya duka la dawa ilipomrudia. Niangalizie. Wala hakusema aangaliziwe nini. Si mzigo, si nafasi. Alitaka mtu wa kumwangalizia, na Jicho, kwa mdomo wake mwenyewe, alikubali.

"Nimeacha, bibi," Jicho akasema mbele ya kompyuta, kwa sauti ndogo. "Sikuangalizii tena."



Mlio.

Mnene akarudisha kiti chake nyuma.

"Soma!"

"Ameandika… 'Sijarudi.'"

"Rudieni hilo," ikasema sauti nyuma yao. Msimamizi alikuwa amesimama pale, hawakujua tangu saa ngapi.

Jicho akamshukuru Mungu kwa kupata shahidi. Akamwonyesha. Akifumbua, Narudi anacheza kama aliyezigawa karata mwenyewe. Akifumba, Narudi ni kipofu.

"Umeona?" Machozi yalikuwa yanamtoka kwa nafuu. "Si mimi ninayempa. Ananichukulia!"

"Nimeona," akasema msimamizi taratibu. "Ukiona wewe, anaona yeye. Usipoona, haoni. Tangu nianze kazi hii sijapata ushahidi mweupe namna hiyo. Nipe kadi ya mlango."

"Bosi, umesikia alichoandika…"

"Nipe kadi, mama. Usiniangalie."

Alitazama pembeni muda wote mpaka Jicho alipotoka. Na jina lake hakulipeleka popote. Kwa nini, hakumwambia mtu. Mnene alikuja kusimulia baadaye kwamba siku ileile akaunti ya Narudi ilifungwa, na aliyekuwa nayo hakudai kitu. Hakulalamika hata kidogo. Kama mtu ambaye mchezo ulikuwa wa kupitishia wakati tu.

Jicho akarudi nyumbani. Mwanawe, waliyemwita Kibibi kwa jinsi anavyoongea kikubwa, akamkimbilia mlangoni. Jicho akageuza uso ukutani.

"Mama, mbona hunitazami?"

"Macho yananiuma, mwanangu. Njoo nikushike."

Tangu hapo akawa anamwona kwa mikono. Kumwogesha, amefumba. Kumsuka, amefumba. Vidole vyake vilijua lile pengo la jino la mbele, lile kovu la gotini, ule mkunjo wa shingo unaotoka jasho akilala. Nje alipata kazi ya kufua kwa watu. Nguo alizitazama, watu hakuwatazama. Majirani wakasema kazi ya kompyuta imemharibu. Akawaachia waseme. Yeye alijua jambo moja tu: mtoto yule asionwe.

Mchana mmoja Kibibi alikuwa anaruka kamba uani, mama yake amekaa kizingitini, macho kayafumba, anasikiliza miguu. Kamba ikanasa. Kichwa kikagonga saruji, ko! Na kilio hakikutoka.

Ni mama gani angefumba?

Akafumbua, akamkimbilia, akamgeuza, akamtazama usoni mzimamzima. Paji la uso, mashavu, midomo. Hana jeraha. Kibibi akavuta pumzi, akafungua macho, akaanza kucheka jinsi alivyoanguka. Akamtazama mama yake ndani ya macho.

Kicheko kikakatika.

Akakaa kitako polepole. Akajifuta vumbi, akainamisha kichwa, kwa adabu, kama alivyofundishwa kwa wakubwa asiowajua.

"Shikamoo, bibi."