Fundo la Baba

Kitinda alijua kaka yake ameamka kwa namna mlango wa jikoni ulivyonyamaza. Watu wengine walipita pale bila kufikiri. Kaka yake alisimama kwanza, akakunja shingo, kisha akaingia. Juu ya mlango huo palikuwa na mstari mwekundu wa rangi. Baba yao, ambaye kazi yake ilikuwa kupaka rangi majumba, aliuchora mwenyewe ili umkumbushe kuinama, baada ya kugonga kichwa hapo mara nyingi kuliko alivyopenda kukiri. Sasa Baba hakuwepo. Alifariki ghafla akiwa kazini, wakati Kitinda akiwa na umri wa miaka tisa. Mstari ulibaki, nao ulikuwa kama umemngoja mtu mwingine mwenye kimo kile kile.

"Shikamoo, Mama," kaka alisema.

Mama, aliyekuwa akimimina chai, hakugeuka mara moja. Alikuwa na mazoea ya kungoja kidogo kila mwanawe alipotokea mlangoni, kama mtu anayetaka kwanza kuwa na hakika ni nani aliyeingia.

"Marahaba. Kaa, usinizibie mwanga," alisema hatimaye.

Mitaani walimwita kaka huyo Ghorofa. Alikuwa katika msimu wake wa kwanza wa kucheza mpira wa kikapu kwa mshahara, katika klabu kubwa ya mji wao. Alicheza nafasi ya senta, yaani yule mchezaji mrefu anayesimama karibu na kikapu, akizuia mipira ya wapinzani na kuidaka ile inayorudi kutoka kwenye ubao. Klabu ilikuwa imemchukua kwa majaribio tu. Msimu ukiisha, kocha angeamua kama abaki, au arudi kubeba mifuko ya saruji katika duka la vifaa vya ujenzi alikotoka.

Siku za mechi, kabla hajaondoka nyumbani, Ghorofa aliketi ukingoni mwa kitanda, akanyoosha miguu yake mirefu sakafuni.

"Kitinda, huko chini ni mbali kwangu. Nisaidie wewe mkazi wa karibu."

Naye Kitinda, mtoto wa mwisho wa nyumba hiyo na ndiyo maana ya jina lake, alipiga magoti akamfunga kamba za raba. Alitumia fundo alilofundishwa na Baba, ambalo Baba alifungia miti ya jukwaa lake la kupakia rangi. Fundo hilo halikulegea hata jukwaa litikisike vipi. Lililegea tu pale mtu alipoamua kulifungua.

Mechi zilivyoendelea, mji mzima ulianza kumzungumzia senta huyo mpya. Wengine walisifu mikono yake, wengine kuruka kwake. Lakini kilichopendwa kuliko vyote kilikuwa kichekesho kimoja. Mchezo uliposimama, hasa kabla ya kurusha mitupo huru, ile anayopewa mchezaji aliyechezewa vibaya, Ghorofa aliinama taratibu, akashika kamba za raba zake, akakaa hivyo kitambo, kisha akainuka na kurusha. Mashabiki waliliona hilo kama alama yake. Wakaanza kumwiga. Akiinama yeye, ukumbi mzima uliinama, vicheko vikienea kutoka safu moja hadi nyingine.

Hata shuleni mchezo huo uliingia. Wakati wa mapumziko, rafiki yake Kitinda, ambaye kila mtu alimwita Redio kwa sababu habari haikulala kwake, alisimama katikati ya uwanja akiwa na mpira.

"Mabibi na mabwana, tulieni. Ghorofa hawezi kurusha mpaka afunge kamba," alitangaza. Kisha akainama, akashika viatu vyake.

"Lakini wewe umevaa ndala," mmoja wa wenzake alimwambia. "Unafunga kamba gani?"

Watoto wakaangua kicheko. Kitinda naye alicheka. Halafu kicheko kikamfia mdomoni.

Alikumbuka mgongo. Mgongo mrefu wenye shati lililotapakaa rangi, ukiwa umeinama uani karibu na ndoo. Baba alikuwa ameshika viatu vyake kwa mikono yote miwili, kichwa kikining'inia. Kitinda, akiwa mdogo, alimwuliza anafanya nini, naye akajibu bila kuinua uso, "Nafunga kamba, binti yangu." Lakini viatu vya Baba vya kazini vilikuwa vya kutumbukiza mguu tu. Havikuwa na kamba.

Siku ile yote Kitinda hakuelewa somo lolote. Kila mwalimu alipoinama kuokota chaki, moyo wake ulishtuka.

Alimkuta kaka yake uani alasiri, akitoka mazoezini. Ghorofa alikuwa ameegemea ukuta, midomo imekauka, mkono mmoja kifuani.

"Kaka, unapoinama uwanjani, unafanya nini?"

"Si unajua? Nafunga kamba."

"Kamba zako nazifunga mimi. Hazijawahi kulegea."

Ghorofa alimtazama, akajaribu kutabasamu, lakini tabasamu halikumkalia vizuri. Akaketi chini, na hata alipoketi walikuwa karibu kulingana kimo.

"Sikiliza," alisema kwa sauti ya chini. "Kuna wakati moyo unakimbia wenyewe. Mimi nimesimama, wenyewe unakimbia. Kisha giza linanijia machoni. Nikiinamisha kichwa, linapita. Ni uchovu tu. Msimu wa kwanza ni mgumu kwa kila mtu."

"Mwambie daktari wa timu."

"Daktari akisikia, atanitoa. Nikitolewa kabla ya mechi ya mwisho, kocha atamchukua mtu mwingine, na mimi nirudi kwenye saruji. Na Mama aendelee kushona mpaka macho yamwishe." Alimshika begani. "Usimwambie mtu. Ukisema, utakuwa umenimaliza."

Kitinda aliitikia kwa kichwa. Lakini tangu hapo nyumba ilibadilika machoni pake. Kaka alipochelewa bafuni, alisikiliza kama maji bado yanamwagika. Alipolala mchana, alisimama mlangoni akiangalia shuka likipanda na kushuka. Na kila alipoona mtu mrefu ameinama chini ya ule mstari mwekundu, hakujua tena ni yupi kati ya wawili anayemwona. Alianza kungoja kidogo kabla ya kugeuka, kama Mama.

Siku ya mechi ya mwisho, Kitinda alipiga magoti kama kawaida. Safari hii alifunga fundo mara mbili, akalivuta kwa nguvu zake zote.

"Taratibu, Kitinda, unataka kunikata miguu?" kaka yake alimtania.

Mama hakwenda uwanjani. Hakuwa amekwenda hata mara moja. Alisema macho yamechoka kwa kushona na taa za ukumbi zingemwumiza. Kitinda alikwenda na Redio, wakaketi nyuma ya benchi la timu, mahali palipotengwa kwa ajili ya jamaa za wachezaji.

Ghorofa alicheza vizuri kuliko siku zote. Alizuia mipira, akadaka, akafunga, na jina lake likaimbwa. Hata kocha, mtu ambaye uso wake haukuzoea furaha, alimpigia makofi. Mchezo ulipokaribia mwisho, timu zikiwa zimebanana kwa alama, mpinzani alimsukuma akiwa hewani na refa akapuliza filimbi. Mitupo huru.

Ghorofa alitembea hadi kwenye mstari. Akainama.

Ukumbi mzima ukainama naye, ukicheka. Redio alishika viatu vyake, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Inama na wewe, Kitinda. Unatuaibisha."

Kitinda alibaki amesimama. Juu ya migongo ile yote iliyoinama, aliuona mgongo mmoja, mrefu, ukitweta. Vidole vya kaka havikuwa vikifunga chochote. Vilikuwa vimeng'ang'ania viatu kama mtu anayeogopa kuanguka kutoka mahali pa juu.

Aliruka kizuizi cha mbao, akamshika kocha mkono.

"Binti, rudi ukae," kocha alisema bila kumtazama.

"Mtoe, Kocha. Kamba zake hazijalegea. Nimezifunga mimi mwenyewe. Anainama kwa sababu haoni."

"Haoni nini?"

"Haoni chochote. Giza linamjia. Baba yetu naye alikuwa hivyohivyo."

Kocha alifungua mdomo ili amkemee. Kisha akatazama uwanjani, akatazama tena, na uso wake ukabadilika. Aliomba mapumziko mafupi, akaenda mwenyewe kumshika Ghorofa na kumleta benchi. Kabla hajasema neno, alichuchumaa akagusa lile fundo kwa kidole. Lilikuwa limekaza, gumu kama kokwa.

"Kamba gani ulikuwa ukifunga, kijana?" aliuliza.

Daktari wa timu aliushika mkono wa Ghorofa akihesabu mapigo. "Huyu harudi uwanjani," alisema mwishowe. "Iteni gari la wagonjwa."

Ghorofa aligeuza macho yake kwa mdogo wake. Hakukuwa na hasira ndani yake, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Umenimaliza, Kitinda," alinong'ona.

Timu ilishindwa. Kitinda alisikia kelele za kushindwa huko nyuma, wakati yeye akitembea kando ya machela.

Hospitalini walimpima kwa siku kadhaa. Kisha daktari wa moyo, mwanamke mpole aliyezungumza polepole ili kila mtu afuatane naye, aliwaeleza. Ndani ya moyo wa Ghorofa mlikuwa na kijia cha ziada ambacho hakikutakiwa kuwepo. Wakati mwingine ishara zinazouendesha moyo zilipotea humo zikazunguka, nao moyo ukakimbia kupita kiasi. Angetibiwa kwa mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa mguu, apumzike, apimwe tena, na huenda akarudi kucheza.

"Na kama angeendelea hivihivi?" Mama aliuliza.

"Angeweza kuanguka asiinuke," daktari alisema. "Mzee wake siwezi kumsemea, kwa kuwa hakupimwa. Lakini yapo maradhi ya moyo yanayorithiwa. Nataka kumpima na huyu mdogo."

Kocha alifika baadaye, akajikuna kidevu, akasema kwamba majaribio ya Ghorofa yamesogezwa hadi msimu ujao. "Senta mzima namngoja. Senta mfu wa nini kwangu?" Akaondoka kabla hajashukuriwa.

Ghorofa alilia. Mikono yake mikubwa haikutosha kuficha uso wake. "Nisamehe, Kitinda. Nilikubebesha mzigo ambao hata mimi ulinishinda."

Mama alikuwa akizitazama raba zilizo chini ya kitanda, mafundo yakiwa bado yamekaza, kwani wauguzi walikuwa wamezivua hivyohivyo.

"Baba yenu aliinama hivyo uani," alisema. "Viatu visivyo na kamba. Nilimcheka. Nilidhani ananichekesha, naye akaniacha nidhani hivyo. Kila nikikuona mlangoni, mwanangu, nasikia kile kicheko changu." Kisha akawashika wote wawili. "Sasa nisikilizeni. Anayewaambia mfiche maumivu yake anawapenda, lakini amekosea. Siri ya zawadi itunzeni. Siri ya ugonjwa mleteeni mtu mzima, hata kama mwenye nayo atawanunia. Heri aninunie akiwa hai. Kitinda hakumsaliti mtu. Alimwona kaka yake wakati watu wote wakitazama mchezo."

Msimu uliofuata, Ghorofa alirudi uwanjani kwa ruhusa ya madaktari, ambao walimpima Kitinda pia wakamkuta mzima. Safari hii Mama alikuwepo, ameketi kando ya Kitinda, mkoba magotini. Filimbi ya kwanza ya mitupo huru ilipolia, mashabiki hawakuwa wamesahau. Ukumbi mzima uliinama kushika viatu, ukicheka, ukimngoja.

Ghorofa hakuinama. Alisimama wima kwenye mstari akiwa na mpira mikononi, akatazama juu ya bahari ile ya migongo, akawaona watu wawili tu walioinuka vitini na kusimama wima kama yeye. Akavuta pumzi, akarusha.