Kobe wa Msituni Hajui Kuogelea

Kila alfajiri Kesorn huwasha jiko la mkaa kwenye lango kuu la Bustani ya Nong Sai. Huchoma kuku na kuuza wali wa kunata. Watawa wa Kibudha wakipita kupokea sadaka, yeye huvua viatu, hupiga magoti na kuweka wali wa moto katika bakuli zao. Nyuma ya jiko lake ni bustani yenyewe, msitu mkubwa katikati ya mji wetu. Watu huingia humo kutembea, kupumzika na kupumua hewa isiyo na moshi.

Siku moja Kesorn hakuwasha jiko. Mumewe, Wirot, alikuwa ameanguka kutoka kwenye paa alilokuwa akilijenga. Alivunjika nyonga. Madaktari wangempasua kesho yake.

"Nataka kumchumia baba yako thawabu," Kesorn alimwambia binti yake, Rampha. "Nitamwachilia kobe huru. Kobe huishi miaka mingi."

Hiyo ni desturi yetu. Mtu akipata shida, humnunua kiumbe aliyefungwa na kumwachilia.

Pembeni mwa lango, Thongyot, muuza wanyama wa kuachiliwa, alikuwa amepanga beseni zake. Ndani yake mlikuwa na samaki, mikunga warefu kama nyoka, na kobe.

"Chukua huyu mkubwa, dada," alisema Thongyot, aliyekwisha kusikia habari za Wirot. "Huyu atawazika hata wajukuu zako. Mumeo atarudi nyumbani anacheza."

"Mjomba, huyu anaishi majini?" Rampha aliuliza.

"Wewe binti, umewahi kuona kobe anayeogopa maji?"

Kesorn akalipa, wakambeba kobe hadi kwenye daraja la bwawa la bustani. Kesorn alipiga magoti.

"Kama ninavyokufungua," alimnong'oneza kobe, "mume wangu naye afunguliwe kutoka kwenye maumivu."

Akamtumbukiza majini. Kobe akazama. Mapovu yakapanda juu.

"Ameenda zake," Kesorn alisema, machozi yakimtoka.

"Hajaenda popote," sauti ilisema nyuma yao. "Anakufa."

Alikuwa Duangjai, mfanyakazi wa bustani. Aliingia bwawani na buti zake, maji yakamfika kifuani. Akapapasa chini, akatoka na kobe.

Kesorn alimzuia njia. "Mama wewe, una wazimu? Mrudishe. Hiyo ni thawabu ya mume wangu."

"Thawabu yako imejaa maji mapafuni. Nipishe."

"Mume wangu anapasuliwa kesho, nawe unamwibia dua?"

"Na mimi kila siku kuu nazoa maiti za kobe humu," Duangjai alijibu. "Nimechoka kuzika dua za watu."

Alimwinamisha kobe, kichwa chini. Maji yakatiririka puani. Akamnyoosha shingo polepole. Kobe alifungua mdomo, akavuta pumzi. Duangjai akavua kitambaa chake cha kichwani na kumfunika. Kisha akamgeukia Rampha, na sauti yake ikalainika.

"Tazama mguu wake, mwanangu. Una ngozi katikati ya vidole, kama mguu wa bata?"

Rampha alichungulia. "Hauna. Ni kama mguu wa tembo mdogo."

"Basi. Mguu wa bata ni wa kuogelea. Mguu wa tembo ni wa kutembea. Huyu ni kobe wa nchi kavu. Kwao ni kule kwenye mianzi."

Kesorn aligeuka kutazama upande wa lango. Kisha akasema, "Nitanunua wa majini."

"Wale wenye mstari mwekundu shavuni? Wametoka nchi za mbali. Wanawanyang'anya kobe wetu chakula na mahali pa kuota jua. Na huyu, unadhani Thongyot alimpata wapi? Alimkamata humu humu msituni. Mkinunua, anarudi kukamata."

"Kwa hiyo alifungwa ili mimi nimfungue."

"Ndiyo, dada."

Kesorn alitembea haraka hadi langoni. Rampha alimfuata mbio.

"Thongyot, nimekuja kwako kutafuta uhai wa mume wangu, ukaniuzia kifo."

"Mimi nauza tu. Nani amemtia majini? Mimi?"

"Ni mimi. Kwa mikono yangu hii, na nitamwambia kila mtu. Lakini mimi sikujua. Wewe ulijua."

Thongyot aliinama, akajifanya anapanga beseni.

Wirot alipasuliwa salama. Duangjai alikuja hospitalini na ndizi. "Kobe wetu anakula," alisema. "Daktari wa wanyama amemruhusu arudi kwenye mianzi." Kesorn alimshika mkono kwa muda mrefu.

Aliporudi kazini, Kesorn alimwambia kila mteja aliyenunua kuku, "Ukitaka thawabu, mwache mnyama alipo. Ukimkuta amefungwa, usimnunue. Mwite Duangjai."

Wateja wa Thongyot walipungua. Akahamia lango la nyuma kwa hasira. Kesorn naye akahamisha jiko lake huko.

"Unanifuata mpaka lini?" Thongyot alifoka.

"Mpaka beseni zako zikauke."

Mtu akisimama mbele ya beseni, Kesorn alisema kwa sauti, "Mwambie akuonyeshe mguu." Watoto wa mtaa wakajifunza maneno hayo.

Sasa Thongyot anauza mashada ya maua, na wote wawili wamerudi lango kuu. Yeye na Kesorn bado hawasalimiani. Lakini upepo ukivuma, mke wa Thongyot huja kimya kimya kushika turubai linalokinga jiko la Kesorn lisipeperuke.

Juzi Wirot aliingia msituni na mkongojo. Kwenye mianzi alimwona kobe mkubwa akitafuna tunda lililoanguka. Kobe akainua kichwa, kisha akaondoka taratibu.

"Angalia," Wirot alimwambia mkewe. "Ananiacha nyuma."

"Mwache aende," Kesorn alisema. "Tuna wakati."