Chupa Kumi na Nne za Nyamizi

"Elfu kumi na nne ya nini?"

Makoye aliuliza mara ya tatu, na safari hii kiganja kikatua kwenye kaunta. Chumba alishalipa, elfu hamsini kwa siku mbili, noti mkononi. Alishuka jioni hiyo kumaliza hesabu mapema, maana gari ya msiba ingewapitia saa kumi na moja alfajiri. Sasa binti wa mapokezi anamtolea karatasi ya maji. Chupa kumi na nne, buku buku.

Hakuwa mtu wa kudaiwa. Kule Usangu anakochunga, na minadani kote, hakuna aliyewahi kumfuata Makoye nyumbani kwa ajili ya shilingi. Na kuibiwa hakutaka vilevile, hasa na watu wa mjini wanaomwona na viatu vya matairi wakadhani hajui kuhesabu. Akamwambia wazi kwamba yeye na mkewe hawajaagiza hata tone.

Esnath, ndilo jina la yule binti, hakupandisha sauti. Alisema maji hakuwapa wao. Alimpa mtoto.

"Mtoto gani?"

Akamgeuzia kitabu cha wageni. Kwenye idadi ya watu paliandikwa tatu, na mwandiko ulikuwa wa Makoye mwenyewe. Miaka saba ameandika tatu kila alikolala na familia. Juzi mkono ulijiandikia tu.

"Huyu wenu wa kike, baba. Anakuja peku na baridi hii ya Mbeya, nikamwonea huruma. Ana plasta nyeupe hapa." Akagusa mgongo wa mkono wake. "Ananuka dawa. Anaomba maji, nampa, anapanda ngazi. Nikamuuliza mbona hunywi. Akasema mpaka baba amruhusu."

Makoye akaitazama tena ile tatu.

Mtoto wao, Nyamizi, alikuwa mochwari tangu Jumanne.

Utumbo wa mtoto ulijisokota. Hospitali walisema apasuliwe asubuhi, na usiku huo asile wala asinywe. Nesi aliwaacha wazazi wote wawili wakae naye. Mwingine angemnywesha mtoto kwa siri japo kijiko. Makoye hapana, kwake katazo ni katazo. Nyamizi akaomba maji. Akaomba tena. Midomo ikampasuka. Mama yake alilowesha kitambaa ampanguse, Makoye akamnyang'anya. Na kila mara alimjibu mtoto jibu lilelile: ukitoka huko nitakupa mwenyewe, kwa mkono wangu. Mara ya mwisho alimkemea. Mtoto akanyamaza.

Asubuhi wakamsukuma kwenye kitanda cha magurudumu mpaka chumba cha upasuaji. Hakutoka.

Aliomba mara kumi na nne. Makoye alizihesabu, na hakumwambia mtu.

Akapanda ngazi mbili mbili kutafuta shahidi. Mkewe ashuke, aseme mbele ya yule binti kwamba hakuna maji yaliyoingia chumbani. Ndugu za Makoye walishapiga simu kutoka nyumbani, kwamba mtoto kachukuliwa na watu wabaya, atafutwe mganga kabla ya kuzika. Aliwakatia simu. Upuuzi hakuuvumilia.

Chumbani taa haikuwashwa. Mama Nyamizi alikuwa amelala kaangalia ukuta. Makoye akamuuliza kama ameona maji yoyote humu ndani. Hakugeuka. Alinyoosha kidole tu...

Chini ya kitanda.

Makoye akapiga magoti, akamulika kwa simu. Zilipangwa mstari mmoja, kama Nyamizi alivyozoea kupanga ng'ombe wake wa udongo kule nyumbani. Kumi na tatu hazijafunguliwa. Moja ilikuwa na kizibo kilicholegea, na imejaa mpaka shingoni.

"Hiyo nilimfungulia mimi jana," mkewe akanong'ona. "Kakataa. Anakungoja wewe."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungemkemea."

Makoye aliivuta ile chupa iliyofunguliwa, akaishika kwa mikono miwili kama mtu aliyeshikishwa mtoto mchanga. Kizibo kikachomoka. Maji yakammwagikia magotini, ya baridi, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne alilia. Alilia kwa sauti, mwanaume mzima, sakafuni kwa watu.

Kisha ikaja harufu.

Dawa. Ile ile ya wodini. Ilipenya chini ya mlango, polepole...

Pata... pata... pata...

Nyayo peku kwenye vigae vya korido. Hazikuwa na haraka. Zilipita chumba cha kwanza. Zikapita cha pili.

Zikasimama.

Mama Nyamizi akakaa kitandani, kanga kaibana mdomoni. Makoye akageukia mlango, angali amepiga magoti. Chupa ilikuwa bado mkononi, nusu imemwagika.

Kitasa hakikuguswa.

"Baba," sauti ikasema nje, kavu, kama midomo iliyogandana inabanduka. "Nimetoka. Nipe maji yangu."