Moris ya Marehemu Khelef

Gari ilichagua pahala pabaya pa kufia. Darajani, Jumamosi saa nne asubuhi, mbele ya wauza samaki, ile Moris ya rangi ya maziwa ilitoa mvuke, ikakohoa mara mbili, ikazima. Honi zikaanza nyuma. Ruqaya binti Khelef alishuka na buibui lake lenye nakshi za fedha mikononi, miwani ya jua usoni, tayari kugombana na yeyote atakayemsemesha.

"Dada, usifungue rejeta! Itakubabua!"

Alikuwa kijana mrefu wa shati la buluu, kikapu cha ndizi mkononi. Alikiweka chini, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akamwonyesha. Oili imekuwa kama chai ya maziwa.

"Maji yameingia ndani. Silinda hedi, kifuniko cha injini, imepasuka hiyo. Mimi Tahir, fundi. Karakana yangu ipo Amani."

"Mji huu gari ikizima tu, fundi huchipuka kama uyoga," Ruqaya akasema. "Nani aliyekutuma?"

Tahir akacheka. Alikuwa na meno mazuri, na Ruqaya aliudhika kwa kuyaona.

Moris ile ndiyo kitu pekee ambacho marehemu baba yake alimwachia kwa jina lake. Mzee Khelef hakuwa akiwaamini mafundi hata siku moja, na binti karithi vyote viwili, gari na tabia. Kwa hiyo gari ilipokokotwa mpaka karakana ya Tahir, kabla ya kuiacha, alifungua mkoba, akatoa rangi ya kucha nyekundu, akatia alama kwenye plagi, kabureta, dainamo na kila kilichofikika, asije akabadilishiwa kifaa kwa siri.

"Na mimi nitie," Tahir akanyoosha kidole gumba. "Nisije nikabadilishwa."

"Wewe nani akuibe?"

Hedi nzima ya kubadilisha ilichukua mwezi kupatikana. Tahir aliikuta Mangapwani, kwenye banda la mzee mmoja aitwaye Makungu, ndani ya Moris iliyoota majani. Mwezi wote huo alipiga simu kila alasiri.

"Bi Ruqaya, mgonjwa wako anakusalimu."

"Ana hali gani?"

"Anakupenda, lakini hawezi kusema."

"Yeye, au daktari wake?"

"Wote wawili, roho yangu."

Ruqaya alikata simu, kisha akakaa akiitazama mpaka ikalia tena. Alikuwa anampenda na alijua. Na kwa kuwa alijua, alimchunguza zaidi. Siku aliyokwenda kuiona hedi ikifungwa, Tahir alipokea simu, akasogea ukutani, akasema kwa sauti ya chini: "Naam... Hatajua kwanza. Nakuahidi, hatajua." Aliporudi, aliulizwa nani huyo, akasema, "Mtu wa nyumbani." Ruqaya aliliweka moyoni.

Alasiri ile injini iliwashwa kwa mara ya kwanza. Ruqaya alitaka kuondoka nayo palepale.

"Bado. Sikiliza valvu zinavyogonga. Inabidi nikaze hedi tena, nizipime upya, na injini iwe baridi kabisa. Chuma kikipata moto hutanuka, nafasi unayoipima inakuwa ya uongo. Wacha ilale. Njoo kesho saa tatu."

Saa tatu kamili Ruqaya alifika, kavaa kanga mpya za njano juu ya dera, kachukua mikate ya kumimina iliyofunikwa kwa kawa. Aliweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa upesi. Boneti lilikuwa moto.

"Tahir, umeiwasha gari?"

"Sijaigusa," Tahir akasema, macho yakiwa kwenye spana.

Akafungua mlango. Harufu ya udi ikamjaa puani. Kwenye kiti cha mbele, alikokaa baba yake miaka thelathini, kulikuwa na kikuba cha asumini na mrehani, kile wanachobandika kifuani wanawake waliojipamba. Alikishika kwa ncha za vidole.

"Na hiki ni cha nani? Cha kabureta?"

"Ruqaya, siwezi kukwambia leo."

"Basi nipe funguo zangu. Umempakia mwanamke ndani ya gari ya baba yangu, ukanitazama—"

Simu yake ikalia. Ami Muhannad, wa Mbweni, aliyemlea tangu baba yake afariki. Ruqaya akaipokea akihema.

"Ruqaya, asubuhi nimepata wageni. Bi Shemsa, shangazi yake huyo fundi wako, pamoja na mzee wao mmoja. Wameleta posa. Wamekuja na gari ya marehemu, nikajua wewe umewapa. Mimi sina neno na kijana. Neno ni lako, mwanangu. Unaridhi?"

Ruqaya alifungua mdomo. Maneno kumi yalikuja pamoja, halikutoka hata moja.

"Alhamdulillahi," Ami akasema baada ya muda. "Kimya cha mwari ndiyo ridhaa yake." Akakata.

Tahir alikuwa ameshafahamu. "Taksi niliyoikodi haikutokea," akasema. "Ami yako hutoka saa mbili, na Bi Shemsa na magoti yake umpandishe bodaboda? Ndiye aliyenipigia simu jana, akanikataza nisiseme mpaka jibu litoke kwa wakubwa wako. Mposaji anayetanguliza mdomo mbele ya wazee hana adabu."

"Ungesema umeichukua, na sababu nitaijua kesho. Ningenuna siku moja. Lakini hukunificha, umenidanganya. Mimi siamini watu, Tahir. Wewe nilikuamini."

Tahir aliweka spana chini. "Nimekosa," akasema. "Mpigie Ami, mwambie hutaki. Haki yako."

Ruqaya akampigia palepale.

"Ami, kile kimya sicho. Nilinyamaza kwa hasira."

Tahir akageuza uso, akatazama ukuta.

"Nimwambie Bi Shemsa hapana?" Ami akauliza, sauti imemshuka.

Ruqaya alimtazama yule mwanamme mgongoni. Kadanganya mara moja, na hata hiyo hakuweza. Hakuondoa harufu ya udi, hakuokota kikuba, hakuthubutu kumtazama machoni. Angekuwa na mazoea ya uongo, asingeufanya vibaya namna ile.

"Hapana, Ami. Sitaki tu niolewe kwa kimya cha hasira, halafu kesho niseme sikuulizwa. Nakujibu kwa mdomo wangu, na yeye yupo hapa anasikia. Naridhi."

Tahir akakaa juu ya tairi, akamnyooshea kidole gumba.