Maji Maangavu ya Machimboni

Kila asubuhi, jua likiwa ndiyo kwanza linachungulia, Chiriku alikuwa njiani na ndoo yake kwenda kisimani. Jina hilo alipewa na baba yake kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Aliongea akitembea, aliongea akipiga mswaki, na mama yake aliapa kwamba aliongea hata usingizini.

Lakini kisimani alinyamaza. Foleni ya pale ilikuwa na sheria yake: mtu mzima akifika, ndoo ya mtoto inasogezwa nyuma. "Una haraka gani wewe? Una chungu jikoni?" akina mama walimwambia. Wakacheka, wakateka, wakaenda zao. Zamu ya Chiriku ilipofika, kengele ya shule ilikuwa imeshalia.

Asubuhi moja alichoka kusukumwa. Alibeba ndoo yake tupu akakata njia kupitia machimboni. Zamani watu walichimba dhahabu pale. Dhahabu ilipokwisha, wenye mgodi walifungasha mitambo yao wakaondoka bila hata kuaga. Waliacha vilima vya mchanga wa kijivu usioota jani, mabomba yaliyoliwa na kutu, na shimo kubwa lililojaa maji. Wazazi waliwakataza watoto kucheza karibu na shimo wasije wakatumbukia. Kuhusu maji yenyewe, hakuna aliyesema neno.

Nayo yalikuwa maji ya kutamanisha! Yaling'aa mpaka mawe ya chini yalionekana. Hapakuwa na chura, wala konokono, wala ule uteute wa kijani wa kisimani. Chiriku alijaza ndoo, akafika nyumbani mapema.

"Leo umeleta maji safi kweli," mama yake alisema, akiacha cherehani na kuchungulia ndani ya ndoo. "Wamesafisha kisima?"

"Ndiyo, mama," Chiriku alijibu. Neno lilimtoka kabla hajalifikiria.

Kesho yake alirudi kulekule. Alimwonyesha njia rafiki yake, Mapengo, naye Mapengo akamwonyesha binamu yake. Wote watatu wakaanza kuwahi shuleni, na mwalimu wao akawasifu mbele ya darasa.

Kisha mdogo wake Chiriku akaugua. Mtoto huyu nyumba nzima ilimwita Babu. Alizaliwa na kipara na uso wa kununa kama mzee aliyeamshwa usingizini. Sasa alitapika kila alichokula, akashika tumbo na kulia bila sauti. Baba yao, fundi baiskeli, alimpakia kwenye baiskeli pamoja na mama mpaka zahanati, Chiriku akikimbia nyuma.

Muuguzi alipima malaria, hakuona kitu. "Maji mnachota wapi?" aliuliza.

"Kisimani," mama alijibu.

"Mnachemsha?"

"Mpaka yatokote."

"Basi huenda ni tumbo tu. Mpe dawa hii, na umnyweshe maji mengi. Asipopata nafuu, mrudishe."

Chiriku alisimama mlangoni, kidole mdomoni. Alitaka kusema. Kisha akajiambia kwamba mama anachemsha, na kilichochemshwa hakidhuru.

Siku iliyofuata Babu aliamka hoi zaidi. Darasani Chiriku hakutulia. Alichonga penseli mpaka ikabaki kijiti. Alikaa upande, akageuka, akainuka, akakaa tena.

"Wewe, una nini?" mwalimu aliuliza. "Kiti chako kina siafu?"

Darasa zima likacheka. Mapengo peke yake hakucheka. Alikuwa ameinamia dawati, amejikunja.

"Tumbo linaniuma tangu jana," alimnong'oneza. "Binamu yangu naye hata kuja shule ameshindwa."

Ndipo Chiriku alipoelewa. Wote watatu, yaani Babu, Mapengo na binamu, walikunywa maji yaleyale. Hakuomba ruhusa. Alichomoka mlangoni, akamwacha mwalimu akiita nyuma yake. Alikimbia akipita dukani, akipita karakana ya baba yake, akaingia ndani akihema.

Mama alikuwa amempakata Babu, kikombe cha maji kikikaribia midomo yake.

"Usimpe! Mama, usimpe!"

"Una wazimu? Muuguzi kasema anywe."

"Si maji ya kisimani!" Chiriku aliangua kilio. "Ni ya machimboni. Nilikudanganya. Nayachota kule kila siku."

Mama alikiondoa kikombe haraka, maji yakamwagika kwenye kanga yake. Hakumpiga wala hakumgombeza. Alimfunga Babu mgongoni akatoka mbiombio kwenda zahanati, Chiriku akimfuata.

"Lakini niliyachemsha," mama alimwambia muuguzi kwa sauti ya kukata tamaa.

"Kuchemsha kunaua vijidudu, mama. Sumu ya machimboni haifi, kwa sababu haiko hai. Ukichemsha, maji yanapungua, sumu inabaki palepale. Na maji yale yanang'aa kwa sababu hakuna kiumbe kinachoweza kuishi ndani yake." Alishika simu kuita gari la wagonjwa, kisha akamgeukia Chiriku. "Nani mwingine amekunywa? Usimfiche mtu."

Chiriku alimtaja Mapengo na binamu yake. Baba yake aliacha baiskeli ya mteja imelala magurudumu juu, wakaenda pamoja nyumba kwa nyumba. Mama yake Mapengo alimkazia macho. "Kumbe wewe ndiye uliyemfundisha mwanangu njia ya huko!"

"Ndiyo, mama. Ni mimi. Tafadhali, gari linasubiri."

Watoto watatu walipelekwa hospitali kubwa. Chiriku na wazazi wake nao walipimwa, wakapewa dawa. Wataalamu walipima maji ya shimo, wakathibitisha kwamba yana sumu. Mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano. Wanaume wakakubaliana kuzungushia shimo uzio na kuweka kibao cha onyo, wakati serikali ikitafuta namna ya kulifukia.

"Lakini kisima tunacho," mwenyekiti alisema. "Watoto walifuata nini kule?"

Chiriku alisimama. "Kisimani tunasukumwa nyuma, mzee. Tunachelewa shule kila siku. Sikupaswa kudanganya, lakini ndivyo ilivyo."

Akina mama walitazama chini. Mmoja wao alijikohoza. "Mtoto anasema kweli," alisema polepole. "Mimi mwenyewe nimeisogeza ndoo yake." Pale pale ikapitishwa kwamba asubuhi wanafunzi watateka kwanza.

Babu alirudi amekonda, lakini alipovuka kizingiti tu alidai chai kwa sauti ya kuamrisha, na nyumba nzima ikacheka. Mapengo na binamu yake nao walipona.

Jioni ile mama alimkalisha Chiriku karibu na cherehani.

"Ungeniambia siku ile ya kwanza, ningekugombeza, na mambo yangeishia hapo. Uongo wako ulimfanya muuguzi atibu ugonjwa usiokuwepo, nami nikamnywesha mwanangu sumu kwa mkono wangu nikidhani namponya. Anayetaka kukusaidia mpe ukweli, hata kama unakuaibisha. Na maji usiyaamini kwa kung'aa kwake, uliza yanatoka wapi." Alimvuta Chiriku karibu. "Nasi wazazi tulikosea. Tuliwakataza shimo bila kuwaeleza hatari yake yote. Mlipochelewa shule, hatukuuliza kwa nini. Ukiona jambo linakushinda, njoo useme. Nitasikiliza."

"Nimesikia, mama," Chiriku alisema.

Asubuhi alichukua ndoo yake. Nje Mapengo alikuwa akimwita kwa kelele, wasije wakachelewa zamu yao.