Swali la Mama Ikupa

Jairo alikuwa akigeuza kahawa kwenye kichanja, huko Hasamba, alipomwona binti yake Ikupa akirudi kutoka Tunduma. Alimjua kwa mwendo tu. Mambo yalikuwa yameharibika.

"Kazi nimekosa, baba. Cheti wamekikataa. Wanasema chuo hakijasajiliwa. Na yule mkuu wa chuo, Dokta, hakuna anayejua alisoma wapi."

Miaka miwili ya ada! Mke wa Jairo aliingia kaburini akijua ameacha mhasibu.

"Na wakubwa walikuwa wapi?" Jairo alifoka. "Bango la chuo liko barabarani. Wanapita hapo na magari yao kila siku. Macho wanayo ya nini?"

Jirani yao Atupele alisikia, akaja. Kabla ya kustaafu alikuwa mwalimu wa chuo cha biashara.

"Lawama wanayo, shemeji," alisema. "Lakini ninyi mlimuuliza nini huyo Dokta wenu?"

"Tulimuuliza ukoo wake. Na kanisa analosali."

"Kwani alikuja kuposa?"

Hakuna aliyecheka. Atupele akavuta kigoda, akaeleza polepole.

"Chuo cha namna hii lazima kisajiliwe NACTVET, mamlaka ya serikali. Ulizeni huko kwanza. Halafu mkuu wa chuo. Wengine wamesomea uhasibu, wengine uchumi, wengine hata sheria. Hilo si kosa. Kosa ni kuficha. Muulizeni alisomea nini, wapi, na vyeti viko wapi. Mwenye elimu yake hakasiriki."

Jairo akainamisha kichwa. Siku ile ya kwanza, ofisini kwa Dokta, mkewe alianza kusema, "Samahani baba, wewe hasa umesomea…" Jairo akamkanyaga mguu chini ya meza. Aliona aibu, mkulima kumhoji msomi. Mkewe akanyamaza. Hakuuliza tena.

Mwaka uliofuata Ikupa alianza upya, chuo kingine. Safari hii waliulizia usajili kwanza, wakakuta upo. Mkuu wa chuo, Bi Gloria, akawakaribisha ofisini. Jairo akavua kofia.

"Samahani mama. Wewe hasa umesomea nini?"

"Uchumi, mzee wangu. Kisha uhasibu." Akafungua kabati, akaweka vyeti mezani. "Wazazi hawaniulizi kabisa. Umefanya vizuri."

"Si mimi," alisema Jairo. "Aliyeuliza ni mama yake."

Bi Gloria akatazama mlangoni, akidhani kuna mtu anasubiri nje.