Hodi ya Jichoni

"Unamkaribisha nani, Mama Maswali?"

Daktari aliuliza huku akicheka chini ya barakoa, na wasaidizi wake wawili wakacheka pia. Mama Maswali alikuwa amelala chali chini ya mashine, kope zimeshikwa kwa kijichuma zisifumbe, utando wa mbele wa jicho la kulia umekatwa na kufunuliwa pembeni kama kifuniko cha sufuria. Alikuwa ametoka kusema "karibu". Alisema hivyo kwa sababu alisikia hodi, kwa sauti ya upole ya mtu mwenye adabu zake, karibu mno, kana kwamba mbishaji amesimama juu ya jicho lenyewe.

"Si kuna mtu amepiga hodi?"

"Hakuna mtu. Tazama taa ya kijani, usitikisike."

Akaitazama taa. Harufu ya nywele zinazoungua ikampanda puani. Ndani kabisa ya kichwa chake, sauti ileile ikajibu kistaarabu, "Ahsante. Nimeshakaribia."

Yeye mwenyewe alikuwa muuguzi wa kliniki hiyohiyo, na jina la Mama Maswali alilipatia kazini. Kwa miaka sita alikaa kwenye chumba kidogo mkabala na chumba cha upasuaji wa macho wa kuondoa miwani, akiwajibu waoga. Watu walipiga hodi, akasema karibu bila kuinua uso, wakaketi, wakauliza yaleyale. Je, inauma? Hapana, unatiwa matone ya ganzi. Nitakuwa nimelala? Hapana, utakuwa macho, ila ni dakika chache tu. Nikipepesa je? Huwezi, kope zinashikwa. Nikitikisika? Mashine inasimama yenyewe. Na wewe, muuguzi, mbona umevaa miwani?

Hilo la mwisho ndilo lililomshinda. Miwani yake ilikuwa minene kama vitako vya chupa, na kila aliyemwuliza alimwangalia kama mpishi asiyeonja mchuzi wake. Mwishowe alichoka kuchekwa. Akapimwa, akaonekana anafaa, akalala chini ya mashine.

Kesho yake aliona mpaka vumbi lililokuwa juu ya kabati, na alilia kwa furaha bila kujificha. Binti yake alimrukia shingoni wakazunguka sebule nzima. Huyo ndiye mtoto wake wa pekee, na baba yake alishafariki. Binti alikuwa ametimiza miaka kumi na minane mwezi uliopita, naye alivaa miwani tangu darasa la pili. Kikosi cha zimamoto kilikuwa kimemchagua kwa mafunzo, mradi aende bila miwani, na tarehe yake ya upasuaji ilishapangwa.

"Wiki mbili tu, mama, na mimi nayatupa haya madude."

Siku ya tatu, harufu ya nywele zinazoungua ilirudi. Ilirudi jikoni, saa nne asubuhi, jiko likiwa halijawashwa. Mama Maswali akajijibu kama anavyowajibu wagonjwa: ni kawaida, itaisha. Siku ya tano kila taa ikaota duara. Ni kawaida, itaisha. Siku ya saba alikuwa akipiga mswaki mbele ya kioo, akapepesa macho, na jicho la kulia likapepesa baadaye kidogo, peke yake, taratibu, bila yeye kutaka. Hilo halikuwamo kwenye karatasi yoyote ya maswali.

Kisha macho yakaanza kumfuata binti. Mama alipogeuza uso kutazama dirisha, macho yalibaki nyuma, yakijivuta pembeni mpaka yanauma, yakimtafuta binti pale alipoketi akisuka nywele. Alipoinamia sahani yaliinuka yenyewe. Alipojaribu kuyafumba kope ziligoma, na hata alipojifunika kitambaa usoni alihisi chini ya kitambaa namna yanavyozunguka, kulia, kushoto, yakisikiliza nyayo za mtoto wake zikipita ukumbini.

"Mama, una nini?" binti aliuliza siku moja, akinong'ona ingawa walikuwa peke yao.

"Nina nini kwani?"

"Jana mchana ulijilaza kwenye kochi. Nikapita, unakoroma. Nikarudi, unakoroma. Lakini macho yalikuwa wazi, yananifuata. Yalikuwa kama yanacheka, mama."

Siku hiyohiyo Mama Maswali alikwenda kwa mganga, mwanamke wa makamo aliyefanyia kazi yake kwenye chumba cha nyuma cha duka la vitambaa. Mganga alimsikiliza, akamtazama jicho la kulia mara moja tu, akajisogeza nyuma na kiti chake.

"Kilipopiga hodi, uliitikia?"

"Niliitikia. Ni mazoea tu, mama yangu. Kazi yangu yote ni karibu, karibu."

"Basi ndiyo hapo. Angekuwa mvamizi ningemfukuza leo hii. Huyu ni mgeni, umemkaribisha mwenyewe kwa mdomo wako. Atatoka akipata mlango mwingine ulio wazi, na mtu wa kumwitikia." Mganga alikataa hata kumpa dawa.

Mlango mwingine ulio wazi. Mama Maswali alirudi nyumbani mbio, akamwambia binti upasuaji haupo tena.

"Kwa nini?"

Akamweleza yote. Binti alisikiliza, machozi yakamlengalenga, lakini hayakuwa ya hofu.

"Miaka sita umewaambia watu ni salama. Mamia ya watu, mama! Kwangu mimi tu ndiyo kuna jini?"

Binti alishakuwa mtu mzima, na fomu ya kukubali upasuaji angesaini mwenyewe. Alichoweza Mama Maswali ni kumshika mabega na kumlisha yamini: akisikia hodi, asiitikie, hata iweje. Binti alitaka kucheka, akauona uso wa mama yake, akaapa.

Alikusudia kubaki nyumbani siku ya upasuaji, amweke mgeni wake mbali. Asubuhi likamjia wazo kwamba binti anaweza kusahau kiapo, kwamba ni lazima aingie naye amshike mkono. Lilikuwa wazo la upole sana, lenye adabu zake, naye akalifuata.

Basi alisimama pembeni ya kitanda. Jicho la binti likashikwa, utando ukakatwa, ukafunuliwa. Chumba kilikuwa kimya.

"Hodi," ikasema sauti mlangoni.

Binti akaminya midomo. Akakikamata kiganja cha mama yake, hakutoa hata pumzi, na moyo wa Mama Maswali ukajaa fahari, mwanangu, mwanangu, shikilia hapohapo, na macho yake yote mawili yalikuwa yamekodolea jicho lile lililo wazi, yamekodoa mpaka yanachuruzika machozi, wakati mlango ulipogongwa tena na sauti ya msaidizi ikasema kwa kuudhika, "Hodi, jamani, mikono yangu imejaa!"

"Karibu," akasema Mama Maswali.

Mlango haukufunguliwa. Wasaidizi wote wawili walikuwa upande wa pili wa kitanda, mikono mitupu, tangu mwanzo.

"Leo tena unamkaribisha nani?" daktari akacheka.

Mama Maswali aliinua macho darini. Yaliinuka. Akayashusha, yakashuka. Akayafumba, yakafumba, laini, mepesi, ya kwake, na hapo ndipo alipopiga kelele. "Simamisha! Daktari, simamisha!"

"Tayari, mama. Nimeshafunika."

Mchana ule binti alilazwa chumbani kwake apumzike, vikombe vya plastiki vimebandikwa juu ya macho. Saa tisa ilikuwa saa ya dawa ya matone. Mama Maswali alikwenda na kichupa mkononi, akasimama nje ya mlango uliofungwa. Harufu ya nywele zinazoungua ilipita chini ya mlango. Neno la hodi lilimfika ulimini, akalimeza. Alisimama hapo akilia bila sauti, mkono umeziba mdomo.

"Ingia tu, mama," binti akasema kutoka ndani, kwa upole. "Mbona unalia? Nakuona."